Kukusanya asaimenti kwa njia ya mtandao chuoni: tufanyeje ili kazi ya mtu isipotee?

Mratibu wa Taaluma (mwenye swali)

Ndugu zangu wakufunzi na mafundi wa mifumo, habari za majukumu.

Nafanya kazi katika ofisi ya taaluma ya chuo cha kati kilichopo kanda ya magharibi ya Tanzania. Tuna wanachuo wasiozidi mia saba, wakufunzi thelathini na mmoja, na chumba kimoja cha kompyuta chenye mashine ishirini na mbili zinazofanya kazi. Menejimenti imeamua kwamba kuanzia muhula ujao kazi zote za upimaji endelevu, yaani asaimenti za mtu mmoja mmoja, kazi za makundi na ripoti za mafunzo kwa vitendo, zikusanywe kwa njia ya mtandao, na mimi ndiye niliyekabidhiwa jukumu la kuandaa utaratibu.

Hadi leo kila mkufunzi anakusanya kwa namna yake. Wapo wanaopokea karatasi ofisini na kumsainisha mwanachuo kwenye daftari la mapokezi, wapo wanaopokea kwa barua pepe, na wapo, ambao kwa kweli ndio wengi, wanaopokea kwa WhatsApp. Muhula uliopita tulipata mkasa ulioniumiza sana. Binti mmoja wa mwaka wa pili alituma kazi yake kwa WhatsApp, mkufunzi akabadilisha simu kabla hajaipakua, na matokeo yalipobandikwa binti akakuta kistari mahali pa alama zake. Simuni mwake ujumbe ulikuwa na tiki mbili za bluu, lakini upande wa mkufunzi faili halikufunguka tena, na ilichukua vikao viwili mpaka akaruhusiwa kuandika upya. Aliandika, akafaulu, ila aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, ningeleta karatasi ningekuwa nimesaini."

Kwa hiyo swali langu si la kuchagua programu pekee. Nataka kujua ni kwa namna gani mfumo wa mtandaoni unaweza kumpa mwanachuo uhakika ule ule aliokuwa akiupata alipoweka sahihi yake kwenye daftari, na kumpa mkufunzi naye kinga pale mtu anapodai ameleta kazi ambayo hakuileta.

Fundi wetu ametusimikia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi na kukusanyia kazi mtandaoni, kwa majaribio kwenye seva ya kukodi (kompyuta ya mbali inayouendesha), kwa kuwa haina ada ya leseni. Tumeijaribu kwa darasa moja la wanachuo arobaini na mambo manne yametukwamisha. Mfumo unakataa faili lolote linalozidi MB 2, ingawa kwenye mipangilio ya kozi tumeruhusu MB 20. Tulitaka wanachuo waingie kwa namba zao za usajili, ambazo zina mikwaju (/) miwili, lakini namba hizo zinakataliwa. Wanachuo kumi na mmoja walipakia kazi na kuziona kwenye kurasa zao, lakini mkufunzi akaonyeshwa kwamba hawajawasilisha. Na tarehe ya mwisho tuliyoiandika, "Ijumaa saa sita usiku", ilieleweka kwa namna mbili, kiasi kwamba wengine walikuja kulalamika siku nzima kabla ya wenzao kuanza kupakia.

Naomba msaada wa mtu aliyeyapitia haya.

---

Fundi wa Seva

Ndugu Mratibu, pole kwa mkasa huo. Nimesimamia seva za aina hii katika vyuo viwili, na mambo yote manne uliyoyataja nimeyaona kwa macho yangu, kwa hiyo nitayajibu kwa mpangilio wako kisha nirudi kwenye lile la sahihi, ambalo ndilo kubwa.

Kikomo cha ukubwa wa faili katika Moodle hakiwekwi mahali pamoja. Kipo cha seva, kipo cha mfumo mzima, kipo cha kozi na kipo cha asaimenti yenyewe, na kila cha juu kinakibana cha chini yake. Ninyi mmegusa kile cha kozi, lakini Moodle, tangu Martin Dougiamas alipotoa toleo la kwanza nchini Australia mwaka 2002, imeandikwa kwa lugha ya PHP, na PHP isipoguswa huja na kikomo cha MB 2 kwa faili moja na MB 8 kwa kila kinachotumwa kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo MB 2 zenu zinapotoka. Fundi afungue faili la php.ini, lenye mipangilio ya PHP, apandishe thamani ya upload_max_filesize na ya post_max_size, ya pili akiiacha kubwa kuliko ya kwanza, kisha awashe upya huduma. Kama programu inayohudumia tovuti kwenye seva yenu ni Nginx badala ya Apache, aangalie pia client_max_body_size, ambayo ikiachwa ilivyo husimama kwenye MB 1 tu. Baada ya hapo apandishe kikomo cha mfumo mzima katika kurasa za msimamizi, na ndipo kile cha kozi kitakapokuwa na nguvu.

Hata hivyo nisingewashauri mkimbilie MB 20. Najua kwa nini mmeziweka: wanachuo wanaandika kwa mkono, wanapiga picha kwa simu na kuziunganisha. Picha moja ya simu janja ya leo hufika MB 3 au 4, kwa hiyo kurasa kumi ni MB 30 hadi 40, na kesho mtaombwa MB 50. Kinachobadilisha hali ni kuwafundisha kuskani. Siku moja nilikaa na kijana aliyekuwa na kazi ya kurasa nane iliyokataliwa mara tatu. Tulifungua programu ya kuskani iliyokuwa tayari kwenye simu yake, tukaweka rangi kuwa nyeusi na nyeupe, akasogea dirishani ili kivuli cha mkono wake kisiangukie karatasi, akapiga ukurasa baada ya ukurasa. Faili lililotoka lilikuwa chini ya MB 2, na mwandiko wake ulisomeka vizuri kuliko kwenye zile picha za awali zenye kivuli na pindo la kitanda. Wekeni kikomo cha MB 10, faili moja la PDF, na kabla hamjafundisha jinsi ya kupakia, fundisheni kuskani.

Namba za usajili zinakataliwa kwa sababu ya mkwaju. Jina la kuingilia katika Moodle kwa kawaida hukubali herufi ndogo, tarakimu, nukta, kistari, mstari wa chini na alama ya @, basi. Namba yenye mikwaju miwili haiwezi kupita. Msilazimishe mfumo uikubali, ingawa upo uwezekano wa kufanya hivyo, kwa sababu mtasumbuka baadaye mkianza kuunganisha na mifumo mingine. Badilisheni mkwaju kuwa kistari kwenye jina la kuingilia, na namba kamili ya usajili, pamoja na mikwaju yake, iandikwe kwenye nafasi ya namba ya utambulisho iliyopo ndani ya akaunti. Nafasi hiyo ndiyo itakayotokea kwenye karatasi ya alama, na ofisi ya mitihani itaisoma kama ilivyozoea. Jambo dogo lakini lenye hasara kubwa: mnapoandaa orodha ya kupakia akaunti zote kwa pamoja, safu ya namba iwekwe kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote, la sivyo Excel itafuta sifuri za mwanzoni, na namba 0041 itakuwa 41. Nimewahi kutumia wikendi nzima kurudisha sifuri.

Sasa wale kumi na mmoja. Hao hawakukosea, naomba mwambie mkufunzi wao asiwakate alama. Asaimenti ya Moodle ina mpangilio unaomtaka mwanachuo, baada ya kupakia faili, abofye kitufe kingine cha kuthibitisha kwamba anawasilisha. Mpangilio huo ukiwashwa, faili lililopakiwa bila kuthibitishwa hubaki kuwa rasimu. Mwanachuo analiona, anaamini amemaliza, anafunga simu. Kwa chuo kinachoanza nasema zimeni mpangilio huo. Ukizimwa, faili likishahifadhiwa limewasilishwa, na mwenye kazi anaruhusiwa kulibadilisha kwa lingine mpaka muda utakapofika. Kama menejimenti inataka kila mtu akiri kwamba kazi ni yake mwenyewe, lipo tamko la kuwekea tiki ambalo linaweza kuwashwa peke yake.

Kuhusu saa, hapo tatizo ni la lugha yetu kukutana na saa ya mashine. Kwetu usiku wa Ijumaa, kwa watu wengi, hasa wa pwani na wazee, ni ule unaoanza jua linapozama siku ya Alhamisi, na kwa vijana wengi ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Mashine haijui lolote kati ya hayo. Ukiichagulia Ijumaa 00:00, inafunga pale Alhamisi inapoisha. Kwa hiyo msitumie kamwe saa sita ya usiku wala ya mchana kuwa kikomo. Na kila tangazo liandike siku, tarehe, saa ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, na saa ya tarakimu kama inavyosomeka kwenye simu. Pia hakikisheni mfumo umepangwa kwenye majira ya Dar es Salaam. Seva nyingi za kukodi zipo Ulaya na huja na saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo ipo nyuma yetu kwa saa tatu, kiasi kwamba asaimenti iliyopangwa kufungwa 23:59 inafungwa saa 8:59 usiku wa huku. Wapo watakaofurahi, lakini yule aliyewahi akaacha kazi yake haijakamilika ataona ameonewa, na atakuwa na haki.

Tena Moodle ina tarehe mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kukabidhi: ikipita, kazi bado hupokelewa lakini huandikwa kwamba imechelewa, na imechelewa kwa muda gani. Ya pili ni ya kufunga kabisa, na isipowekwa mlango haufungwi. Ziwekeni zote mbili, ziachane kwa siku mbili au tatu, na kanuni ya kukata alama kwa waliochelewa iandikwe na kamati ya taaluma kabla muhula haujaanza. Mwenye udhuru wa kweli, kama aliyelazwa au aliyefiwa, huongezewa muda yeye peke yake bila kuifungua kwa darasa zima.

Nije kwenye sahihi. Mfumo unaweza kutuma risiti kwa barua pepe kila kazi inapopokelewa, lakini msimamizi lazima ahakikishe uwezo huo umewashwa, na lazima ile kazi ya nyuma ya pazia inayoitwa cron iwe inaendeshwa kila dakika. Ikilala, barua zote hujipanga foleni ndani ya seva na hakuna inayotoka. Angalieni hilo kwanza kabla hamjalaumu barua pepe za wanachuo. Zaidi ya risiti, ukurasa wa mwanachuo unaonyesha hali ya kazi yake, jina la faili na muda lilipobadilishwa mara ya mwisho, na upande wa msimamizi kuna kumbukumbu za kila tukio: nani aliingia, saa ngapi, alipakia nini, alifuta nini. Mtu akidai alipakia, kumbukumbu hizo hazina upendeleo. Naziamini kuliko daftari la mapokezi, kwa sababu kwenye daftari nimewahi kuona mtu akimsainia mwenzake.

Ila uhakika wote huo hauna maana kama hakuna nakala rudufu. Mafaili ya wanachuo katika Moodle hayahifadhiwi kwa majina yao. Ukifungua folda yake utakuta mafaili yenye majina ya herufi na tarakimu arobaini, na kinachojua kwamba lile ni la nani ni hifadhidata, yaani majedwali ya taarifa za mfumo yanayotunzwa mbali na folda hiyo. Ukinakili folda peke yake umenakili rundo la kazi zisizo na wenyewe, na ukinakili hifadhidata peke yake umebaki na orodha ya wenye kazi zisizokuwepo. Vinakiliwe vyote viwili, usiku mmoja, na nakala ikae nje ya seva hiyo. Kisha mara moja kwa muhula mchukue nakala mjaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa mimi siihesabu.

---

Mkufunzi wa Ufundi, Mombasa

Naungana na Fundi katika mengi aliyosema, lakini ningependa Mratibu apime jambo moja kabla ya kuendelea. Chuo chenu kina fundi mmoja. Je, akipata kazi kwingine mwezi wa pili wa muhula, nani ataingia kwenye hiyo seva? Sisi tulipitia hali hiyo, mfumo ukakaa wiki tatu bila mtu wa kuugusa, na ndipo tukahamia Google Classroom, mfumo wa madarasa ya mtandaoni unaoendeshwa na Google wenyewe, ambayo taasisi ya elimu ikisajiliwa hupewa bila malipo pamoja na akaunti za barua pepe za wanafunzi wote. Hakuna seva ya kulinda wala nakala za kuchukua kila usiku. Tulichopoteza ni ule uwezo wa kupanga kila kitu kwa matakwa yetu na kusoma kumbukumbu kwa kina anachokisema Fundi, na sikatai kwamba ni hasara.

Msifikirie hata hivyo kwamba ule mtego wa kitufe mtauepuka. Huko nako mwanafunzi huambatisha faili kisha lazima abofye kitufe cha kukabidhi. Tena kuna mtego wa pili uliowaumiza wanafunzi wangu: kazi ikishakabidhiwa, mwanafunzi akitaka kurekebisha neno moja lazima kwanza aiondoe, na asipokumbuka kuikabidhi tena hubaki kama mtu asiyeleta chochote. Mwanafunzi wangu mmoja aliitoa kazi usiku ili arekebishe jina la mchoro, usingizi ukamchukua, na asubuhi akakuta ameandikiwa kuwa amechelewa.

Ninalotaka kulisisitiza zaidi ni upande wa wakufunzi, kwa kuwa mazungumzo haya yote yamewahusu wanafunzi. Mfumo utakufa mikononi mwa wakufunzi kabla haujafa mikononi mwa wanafunzi. Mwenzetu mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu alikataa kabisa kusahihisha kwenye skrini, na alikuwa na sababu, kwani macho yake hayastahimili mwanga kwa zaidi ya nusu saa. Hatukumlazimisha. Enzi za Moodle nilikuwa nikimpakulia kazi zote kwa pamoja katika kifurushi kimoja, zikitoka zimepangwa kwa majina, tunazichapisha, anasahihisha kwa kalamu yake nyekundu, kisha alama anazijaza kwenye jedwali ambalo mfumo wenyewe hulitoa, nami nalipakia. Kwa njia hiyo kazi ilipokelewa kidijitali, muda wake ukahifadhiwa, na mzee akaendelea kufundisha kwa heshima yake. Kwa wale wanaotaka kuandika maoni juu ya kazi yenyewe ndani ya Moodle, fundi wenu asimike Ghostscript, programu ya kushughulikia mafaili ya PDF, kwenye seva, kwani bila hiyo kile kidirisha cha kuandikia juu ya PDF hakionyeshi kitu.

Watengeeni wakufunzi siku mbili za mafunzo kabla ya wanafunzi kufungua chuo, na katika siku hizo kila mmoja apewe akaunti ya mwanafunzi wa majaribio, apakie kazi yeye mwenyewe kwa simu, kwa bando lake. Mkufunzi aliyewahi kukaa akisubiri ule mstari wa upakiaji ufike mwisho hawezi tena kumwambia mwanafunzi kwamba anatoa visingizio.

Na alama zisibandikwe tena kwenye kundi la WhatsApp. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwenu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Alama ya mtu ni yake.

---

Mwanachuo wa Mwaka wa Tatu

Shikamooni walimu wangu. Naomba niseme machache kwa niaba ya sisi tunaopakia.

Wengi wetu hatupakii mchana. Tunapakia usiku wa manane, kwa sababu bando la usiku lina nafuu na mtandao unakuwa mwepesi. Mkifunga kazi saa kumi jioni, kama ilivyopendekezwa chuoni kwetu, mtakuwa mmetulazimisha kununua bando la mchana kwa ajili ya faili moja, na kuna siku fedha hiyo ndiyo ya chakula. Mkifunga usiku wa manane kabisa, mtu akikwama hakuna mwalimu wa kumwuliza, na umeme nao ukikatika ndiyo basi.

Jambo la pili ni steshonari. Mwanachuo asiye na kompyuta hupeleka kazi yake ikachapwe, na siku hizi wahudumu wa pale hutupakilia pia, kwa malipo kidogo. Anakuomba jina la kuingilia na nywila, unamwandikia kwenye kipande cha karatasi, na akaunti yako inabaki wazi kwenye mashine ambayo watu hamsini wanaitumia kwa siku. Mwaka jana rafiki yangu alikuta kazi yake ya kundi imefutwa na kuwekwa ya kundi lingine. Hakuna aliyemfanyia ubaya, ni mhudumu aliyepakia akiwa ndani ya akaunti isiyo yake. Walimu mkisema kumbukumbu za mfumo hazina upendeleo, mimi naogopa, kwa sababu kumbukumbu zingeonyesha kwamba aliyefuta ni yeye.

---

Fundi wa Seva

Mdogo wangu, ahsante sana. Hoja yako ya steshonari imenigusa, na nakiri kwamba niliposema naziamini kumbukumbu nilisahau kwamba zinaonyesha akaunti, hazionyeshi mtu. Ziko alama za kusaidia, kwa mfano anwani ya mtandao wa kifaa kilichotumika, ambayo katika kisa cha rafiki yako ingeonyesha akaunti mbili tofauti zikitumia mashine moja ndani ya dakika chache. Lakini dawa yenyewe ni kuondoa sababu ya kumpa mtu nywila.

Simu inatosha kwa kazi hii. Programu ya Moodle ya simu inaruhusu kuandaa kazi bila intaneti na kuituma baadaye mtandao ukipatikana, mradi mwanachuo aelewe kwamba kazi imefika pale ilipofika kwenye seva, na kabla ya hapo ipo simuni kwake tu. Steshonari ibaki kwa kuchapa, faili litumwe kwenye simu ya mwenyewe, na yeye alipakie kwa mkono wake.

Kuhusu saa, nashauri mfunge saa nne asubuhi, yaani 10:00, siku ya kazi isiyo Jumatatu wala Ijumaa. Usiku wote wa bando nafuu unakuwa wenu, na yule atakayekwama anakuwa na saa mbili za asubuhi ambazo ofisi ipo wazi na chumba cha kompyuta kina mtu. Itasaidia hata seva, kwa sababu wanaopakia watatawanyika badala ya kurundikana katika dakika kumi za mwisho. Masomo mawili yasifungwe siku moja, kama inawezekana.

---

Mratibu wa Taaluma (mwenye swali)

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa tukifanyia kazi mliyoyasema.

Kikomo cha MB 2 kimeondoka ndani ya robo saa, na kweli kilikuwa kwenye php.ini. Kikomo kipya ni MB 10, na Jumamosi tulikusanya viongozi wa madarasa wakajifunza kuskani. Mikwaju tumeibadilisha kuwa vistari. Kile kitufe cha kuthibitisha tumekizima, na wale kumi na mmoja wamepewa alama zao pamoja na maelezo ya mkufunzi mbele ya darasa kwamba kosa lilikuwa letu. Cron haikuwa ikifanya kazi kabisa. Ilipowashwa, risiti za jaribio zima zilitoka kwa mkupuo, na wanachuo wakanipigia kuuliza kwa nini wanapokea barua za wiki iliyopita.

Suala la fundi mmoja nimelipeleka kwa Mkuu wa Chuo. Tutabaki na Moodle kwa mwaka huu kwa sharti kwamba mkufunzi wa kompyuta afundishwe kusimamia seva pamoja na fundi, na nywila za usimamizi zihifadhiwe kwenye bahasha iliyofungwa ofisini kwa Mkuu. Tukishindwa kulitimiza hilo hadi mwisho wa muhula, tutahama kama walivyofanya wenzetu wa Mombasa. Nakala rudufu tumeijaribu kwa kuirudisha kwenye kompyuta ya maabara. Mara ya kwanza ilishindikana kwa sababu folda ilikuwa ya Jumanne na hifadhidata ya Jumatatu, mara ya pili kazi zote arobaini zilifunguka.

Kamati ya taaluma imepitisha saa nne asubuhi, Jumatano au Alhamisi, na tangazo la kwanza limeandikwa hivi: "Mwisho wa kuwasilisha ni Alhamisi, saa 4:00 asubuhi (10:00). Baada ya kupakia, subiri risiti. Usipoipata ndani ya saa moja, njoo ofisi ya taaluma kabla ya muda kufika, ukiwa na simu yako." Sentensi hiyo ya mwisho aliipendekeza yule binti wa mwaka wa pili, ambaye tulimwomba ausome mwongozo mzima kabla haujabandikwa. Ofisi itakuwa wazi kuanzia saa mbili kamili siku zote za makusanyo, na nitakaa pale mwenyewe kwa mwezi wa kwanza.